Hesabu za Mbio za Motokaa

1. Motokaa ya waya

Kila mtoto ajuaye kukunja waya amekwisha kuwa dereva. Motokaa yake ina magurudumu ya vifuniko vya chupa, usukani wake ni fimbo ndefu, na injini yake ni mdomo wa mwenyewe. Huiendesha kutoka nyumbani mpaka kisimani, na kutoka kisimani mpaka shuleni, wala haiishiwi petroli hata siku moja. Nami sina neno juu ya mchezo huo, kwa maana ndio ulionipa somo hili.

Siku moja nilikuwa nimeandika ubaoni hesabu za mwendo, umbali na muda kwa wanafunzi wa darasa la sita. Nilipogeuka niliona macho yao yote yamo dirishani. Barabarani ilikuwa ikipita motokaa ya mbio, imepakiwa juu ya lori, inapelekwa kwenye mashindano. Nikamwuliza kijana mmoja, "Ukipewa motokaa ile, utashindaje?" Akasimama, akajibu upesi, "Mwalimu, nitakanyaga mafuta mpaka mwisho, wala sitaondoa mguu mpaka nimefika." Wenzake wakampigia makofi. Basi nikafuta ubao, nikasema, "Vema. Tufunge safari pamoja nawe, tuone utafika wapi."

Somo hili ni habari ya safari ile tuliyoisafiri ubaoni, na ya hesabu tulizozikuta njiani.

2. Safari kubwa ya Afrika Mashariki

Mashindano ya motokaa yaliyo mashuhuri kuliko yote katika nchi zetu ni Safari Rally. Yalianza mwaka 1953, ndio mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa ajili hiyo yaliitwa Safari ya Kutawazwa. Motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia za vumbi, za mawe na za matope. Baadaye ikawa desturi kuyafanya wakati wa Pasaka. Na mvua za Pasaka mnazijua. Tangu mwaka 1973 yalihesabiwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Baada ya mwaka 2002 yaliondolewa humo, yakarudishwa mwaka 2021, yakafanywa pande za Naivasha katika nchi ya Kenya.

Mwaka 1963 zilianza motokaa 84. Zilizofika mwisho wa safari zilikuwa 7 tu. Gawanyeni 84 kwa 7, mtapata 12. Maana yake, katika kila motokaa 12 ilifika moja, na 11 zilibaki njiani: nyingine zimezama matopeni, nyingine zimevunjika vyuma, nyingine zimechelewa mno. Mwaka 1968 mambo yalikuwa yale yale. Zilifika 7 tena. Na walioshinda katika miaka yote miwili walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, nao walipanda Peugeot 404. Je, hiyo ni bahati? Bahati yaweza kumjia mtu mara moja. Ikija mara mbili katika miaka iliyo migumu kuliko yote, yafaa tuulize mtu huyo anajua nini wasichokijua wengine.

Wapo na wengine walioshinda zaidi ya mara moja. Joginder Singh, fundi wa motokaa aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965, mwaka 1974 na mwaka 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo toka 1979 mpaka 1982.

Sasa tazameni jambo moja. Katika kila motokaa ya mashindano hayo huketi watu wawili. Wa kwanza ameshika usukani, naye ndiye tumtazamaye sote. Wa pili ameshika nini? Ameshika saa, daftari na kalamu. Kama mbio zingekuwa ni kukanyaga mafuta tu, mtu huyu angekuwa mzigo wa bure, nao wenye motokaa za mbio hawapendi kubeba hata gunia tupu lisilo na kazi.

Sababu ni hii. Katika miaka ile ya kwanza hawakukimbizana bega kwa bega. Kila motokaa iliondoka kwa saa yake, ikapewa muda wa kufika kituo cha mbele. Aliyechelewa aliandikiwa alama za adhabu, dakika moja alama moja. Mwisho wa safari, mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza safari alama zao zikiwa sawasawa kabisa. Ushindi akapewa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuandikiwa adhabu yo yote. Fikirini basi thamani ya dakika moja katika safari ya maelfu ya kilomita! Na siku hizi wanapimwa kwa sekunde na kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

3. Gurudumu laweza kudanganya

Kijana wetu akaondoka kwa kishindo. Daftari ya njia ilimwambia hivi: "Ukifika kilomita 100 toka kituoni, geuka kushoto." Akasema, "Hilo si tatizo, kipimo cha motokaa kitanionyesha." Nikamwuliza, "Kipimo nacho chajuaje?" Akanyamaza.

Kipimo cha motokaa hakioni njia. Huhesabu mizunguko ya gurudumu tu. Tuseme tairi jipya lina kipenyo cha sentimita 63. Mmejifunza ya kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 22, ukigawanya kwa 7. Kwa hiyo mzingo wa tairi hili ni sentimita 198, karibu mita 2. Ili kwenda kilomita moja gurudumu hilo huzunguka mara 505. Basi kipimo kimefundishwa hivi: kila mizunguko 505, andika kilomita moja.

Lakini matairi ya kijana wetu yalikuwa yamelika katika mawe, kipenyo chake kikawa sentimita 61.6. Fanyeni hesabu ile ile, mtapata mzingo wa sentimita 193.6. Gurudumu likizunguka mara moja, limepungua sentimita 4 na nusu hivi. Sentimita 4 na nusu ni upana wa vidole vitatu, nani atazijali? Lakini gurudumu halizunguki mara moja. Kipimo kilipoandika kilomita 100, kwa kweli motokaa ilikuwa imekwenda kilomita 97 na mita 778. Kijana akatazama kushoto, akaona kijia, akageuka. Njia ya kweli ilikuwa mbele yake, umbali wa zaidi ya kilomita 2. Alimoingia yeye ilikuwa njia ya ng'ombe iendayo mtoni.

Darasa likacheka sana. Yule mwenye daftari asingecheka. Angalitazama matairi kabla ya kuondoka, angalipima mzingo wake kwa kamba, na angaliandika pembeni: "Ngoja mpaka kipimo kionyeshe 102 na robo, ndipo ugeuke." Kosa dogo likirudiwa mara nyingi huwa kosa kubwa, na mtu alijuaye kosa la chombo chake haliogopi tena.

4. Dakika iliyopotea

Tukamsamehe, tukamrudisha njiani. Hapa ndipo tulipofika kwenye hesabu iliyolishinda darasa zima.

Nikasema, "Kituo cha pili ni mbali kilomita 120, na muda uliopewa ni saa 2. Mwendo wako wa wastani uwe kiasi gani?" Wote wakajibu, "Kilomita 60 kwa saa." Wamepata. "Haya. Nusu ya kwanza ya njia, yaani kilomita 60, ni matope matupu. Umekwenda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Nusu ya pili ni njia kavu. Utakwenda mwendo gani ili ufike kwa saa yako?"

Kijana akaja ubaoni, akaandika bila kusita: 30 na 90 ni 120, nusu ya 120 ni 60. "Mwalimu, nitakwenda kilomita 90 kwa saa." Darasa lote likakubali, hata wale wapatao alama za juu. Nawe msomaji, funika kitabu kidogo, ufikiri, kisha uendelee.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilomita 60 za kwanza, kwa mwendo wa 30, humaliza saa 2. Kilomita 60 za pili, kwa mwendo wa 90, humaliza theluthi mbili za saa, yaani dakika 40. Jumla ni saa 2 na dakika 40. Amechelewa dakika 40, ameandikiwa alama 40 za adhabu. Na wastani wake wa kweli si 60. Gawanyeni kilomita 120 kwa saa 2 na theluthi mbili, mtapata kilomita 45 kwa saa.

Kijana akasema, "Basi nitakwenda 200." Nikamjibu, "Hata ukipewa ndege hutafika. Ulipotoka matopeni saa zako 2 zilikuwa zimekwisha. Muda uliobaki ni sifuri, na kwa sifuri hakuna mwendo utoshao."

Kosa lilikuwa wapi? Alichukua miendo miwili akatafuta katikati yake, kana kwamba amekaa katika kila mwendo muda ulio sawa. Lakini katika mwendo wa 30 alikaa saa 2 nzima, na katika mwendo wa 90 alikaa dakika 40 tu. Mwendo wa polepole hukaa nawe muda mrefu; mwendo wa haraka hupita mara moja. Kwa hiyo likumbukeni neno hili: atafutaye wastani wa mwendo asijumlishe miendo. Ajumlishe umbali wote, ajumlishe muda wote, kisha agawanye.

Yule mwenye saa na daftari hulijua jambo hili tangu asubuhi. Hangoji mpaka nusu ya njia ndipo aulize. Kila baada ya kilomita 10 hutazama saa, kwa kuwa mwendo wa 60 humaliza kilomita 10 kwa dakika 10. Akiona zimepita dakika 12, humwambia mwenzake, "Tumepungukiwa dakika 2," nao huzitafuta zikiwa bado ni 2. Dakika 2 zaweza kurudishwa. Dakika 60 hazirudi.

5. Je, haraka haina baraka?

Kijana akauliza swali zuri. "Mwalimu, kama dakika ikipotea hairudi, si ndiyo sababu ya kukanyaga mafuta tangu mwanzo?" Nikafurahi, maana sasa alikuwa anafikiri.

Tuliandika hivi. Mbele yetu kuna kilomita 20 za mawe. Kwa mwendo wa 60 tutazimaliza kwa dakika 20. Kwa mwendo wa 80 tutazimaliza kwa dakika 15. Faida ya haraka ni dakika 5. Lakini katika mawe motokaa iendayo mbio hupasua tairi, na kubadili tairi ni kazi ya dakika 10. Tairi likipasuka, tumepata 5, tumepoteza 10. Hasara yetu ni dakika 5. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nanyi mwaona walijua hesabu.

Hata hivyo nikawaambia, "Msiishie hapo." Tuseme njia za namna hii ni tatu, na tairi hupasuka mara moja katika hizo tatu. Faida ni 5 mara 3, ndio dakika 15. Hasara ni dakika 10. Tumebakiwa na dakika 5 za faida. Likipasuka mara moja katika kila njia mbili, faida ni 10 na hasara ni 10, tumejichosha bure. Likipasuka kila mara, tumeangamia. Basi mshindi si mtu wa haraka, wala si mtu wa polepole. Ni mtu ajuaye haraka yake yaweza kumpa nini na yaweza kumnyang'anya nini, kisha akachagua.

Na petroli ni vivyo hivyo. Motokaa yenye kwenda kilomita 4 kwa lita moja, ikiwa na njia ya kilomita 250, yataka lita 62 na nusu. Mwenye busara huongeza sehemu ya kumi kuwa akiba, akapata karibu lita 69. Kwa nini asijaze tangi lote la lita 80? Kwa sababu lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo. Lita 80 ni kilo 60, sawa na kumbeba mtu mzima. Na kwa nini asichukue lita 62 na nusu tu? Kwa sababu tope halikuingia katika hesabu yake. Katika Injili ya Luka tumesoma mfano wa mtu ajengaye mnara, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Wengi hudhani mfano huo ni wa matajiri. Mimi naona ni wa kila mtu aondokaye nyumbani kwake.

6. Barabara ya mbele ya shule

Hapo nikaweka chaki chini. Nikawaambia, "Katika mbio, hasara kubwa tuliyoihesabu ni dakika 10. Lakini iko njia moja ambayo hasara yake haihesabiki kwa dakika, nayo ni hii ipitayo mbele ya shule yetu." Darasa lote likawa kimya. Mwaka uliotangulia mtoto wa darasa la pili aligongwa pale kwenye kona wakati wa kuvuka, akavunjika mguu. Kila mmoja alimjua.

Kesho yake tulitoka nje na baiskeli moja, kamba, chokaa na saa ya kuhesabu sekunde. Gurudumu la baiskeli lilikuwa na kipenyo cha sentimita 70, mzingo wake sentimita 220. Tukatia alama ya chokaa kwenye tairi, tukaisukuma baiskeli kando ya barabara huku wote wakihesabu mizunguko kwa sauti. Mizunguko 45 ni mita 99. Tukaongeza mita 1 kwa rula. Mwanzo tukaweka jiwe jeupe, na mwisho tukaweka jiwe jeupe. Baina ya mawe hayo mawili ni mita 100 kamili.

Mwanafunzi mmoja alisimama mbali na lami karibu na jiwe la kwanza, ameinua kitambaa. Chombo kikipita alikishusha. Wa pili alikaa karibu na jiwe la mwisho na saa. Wa tatu aliandika. Ili kujua kilomita kwa saa tulitumia njia fupi hii: gawanya 360 kwa sekunde ulizozipata. Ikiwa hujui kwa nini, fikiri: saa moja ina sekunde 3,600, na mita 100 ni sehemu ya kumi ya kilomita.

Lori lilipita kwa sekunde 8: kilomita 45 kwa saa. Basi lilipita kwa sekunde 6: kilomita 60. Motokaa ndogo ilipita kwa sekunde 5: kilomita 72. Moja ilipita kwa sekunde 4, na yule mwenye kalamu alipomaliza kugawanya alinitazama kabla ya kuandika jawabu: kilomita 90 kwa saa, mbele ya shule.

Kisha tukapima upande wetu. Barabara ina upana wa mita 7. Watoto wadogo wakishikana mikono huenda mita 1 kwa sekunde. Basi hukaa barabarani sekunde 7. Motokaa ya kilomita 72 kwa saa huenda mita 20 kwa kila sekunde. Katika sekunde 7 itakwenda mita 140. Maana yake, mtoto aanzapo kuvuka, motokaa hiyo yapasa iwe mbali zaidi ya mita 140.

Tukaenda kwenye kona, mahali watoto wote walipozoea kuvuka kwa kuwa ni karibu na lango. Tukapima macho ya mtoto yanafika wapi. Yalifika mita 90, kisha kichuguu na vichaka vinaziba. Gawanyeni 90 kwa 20, mtapata sekunde 4 na nusu. Sekunde 4 na nusu baada ya mtoto kuvuka akiwa hajaona kitu, motokaa imefika, naye yu katikati ya barabara. Mtoto hakukosa kutazama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama tulivyomfundisha. Kona ndiyo iliyomficha hatari yake.

Mmoja akasema, "Lakini dereva atakanyaga breki." Jambo hilo nalo lina hesabu yake. Mwendo ukizidi mara mbili, urefu wa njia ya kusimama kwa breki hauzidi mara mbili. Huzidi mara nne. Ikiwa motokaa husimama katika mita 10 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, basi kwa mwendo wa kilomita 80 itahitaji mita 40. Tena kabla breki haijaanza kushika, ipo sekunde moja hivi ya dereva kuona na kuhamisha mguu, na katika sekunde hiyo chombo kinaendelea kwenda kwa mwendo wake wote.

Nikauliza, "Tufanye nini?" Aliyejibu ni kijana wetu wa kukanyaga mafuta. Alikuwa ametembea peke yake mpaka kwenye mwembe mkubwa, akihesabu hatua. "Mwalimu, pale mwembeni njia imenyooka." Tukaenda, tukapima. Pande zote mbili macho yalifika mita 250. Gawanya kwa 20, sekunde 12 na nusu. Hata ile ya kilomita 90, iendayo mita 25 kwa sekunde, yahitaji sekunde 10 kufika. Mtoto wa sekunde 7 amekwisha kuvuka, na sekunde 3 zimebaki.

Hesabu zile tuliziandika vizuri katika karatasi moja, tukampelekea mkubwa wa shule. Aliisoma mara mbili, hakusema neno, akaichukua mpaka kwa wazee wa kijiji. Juma lililofuata kijia cha kutoka langoni kiligeuzwa, kikapita nyuma ya ua mpaka mwembeni. Wavivu walinung'unika, kwa kuwa njia imeongezeka hatua 160. Wanafunzi wa darasa la sita waliwajibu kwa tarakimu, nao wakanyamaza.

7. Mwisho wa safari

Wanafunzi, wengi wenu huuliza, "Hesabu hizi za motokaa mbili na vituo viwili zitanifaa nini?" Jibu si lazima litafutwe katika mashindano makubwa. Kila siku mtu hupima umbali, muda na mwendo, ama kwa akili yake ama kwa kubahatisha. Abahatishaye katika mbio huachwa njiani pamoja na zile motokaa 77 za mwaka 1963. Abahatishaye barabarani hupoteza zaidi.

Siku tulipomaliza somo nilimwuliza tena kijana wetu, "Sasa ukipewa motokaa ile ya mbio, utashindaje?" Akafikiri kitambo, akasema, "Mwalimu, usukani nitampa mwenzangu. Mimi nitaketi upande wa pili, nishike saa."

Mazoezi

1. Pikipiki imepita baina ya mawe mawili ya mita 100 kwa sekunde 9. Mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa?

2. Gurudumu la baiskeli lenye kipenyo cha sentimita 70 limezunguka mara 50. Baiskeli imekwenda mita ngapi?

3. Njia ni kilomita 180, muda ni saa 3. Kilomita 90 za kwanza dereva alikwenda kwa mwendo wa 45 kwa saa. Aende mwendo gani katika kilomita zilizobaki ili asichelewe? Je, ungemshauri aende mwendo huo katika njia yenye ng'ombe na watu? Toa sababu.

4. Motokaa huenda kilomita 5 kwa lita moja. Njia ni kilomita 240. Tafuta petroli itakiwayo pamoja na akiba ya sehemu ya kumi, kisha tafuta uzito wake.

5. Mtu alikwenda sokoni kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, akarudi na mzigo kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa. Soko ni mbali kilomita 6. Tafuta mwendo wake wa wastani. Jihadhari na kosa la kijana wetu.

6. Pimeni pamoja na mwalimu wenu mahali mnapovuka barabara. Andikeni upana wake, sekunde za kuvuka, na mita ambazo macho ya mtoto mdogo yanafika. Je, mahali hapo panafaa?